Picha ya Kimathi akiwa na pingu: nitundike au nisitundike?

mwalimu_wa_historia: Hamjambo. Naandaa maonyesho ya picha za historia ya Kenya shuleni kwetu. Nimechapisha ile ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau waliopinga ukoloni, amelazwa kwenye machela, ana pingu mikononi. Mwenzangu hataki hata kuiona. Anasema inamdhalilisha shujaa, afadhali sanamu yake ya pale mjini Nairobi. Mnaonaje?

karani_mstaafu: Itundike, Mwalimu, ila usiiache bubu. Waeleze wanafunzi kwanza ilipigwa kwa faida ya nani. Kimathi alipigwa risasi akakamatwa Oktoba 1956, na serikali ya kikoloni ikaichapa picha yake kwenye vikaratasi kwa maelfu, vikasambazwa ili wapiganaji waliobaki msituni wakate tamaa. Ilikuwa silaha ile. Basi ikawaponyoka! Nywele zile za misokoto walizotaka zitishe watu, leo vijana wanazivaa kwenye fulana. Sanamu nayo ilizinduliwa Februari 2007, miaka 50 tangu anyongwe: amesimama, kavaa kijeshi, bunduki mkononi. Aliyeichonga alikuwa anaijibu machela. Ukitundika sanamu peke yake, watoto watasikia jibu bila kujua mtu alitukanwa nini. Mimi ningeziweka ubavu kwa ubavu.

rangi_na_brashi: Naunga mkono. Na michoro usiisahau. Joy Adamson aliagizwa na serikali hiyohiyo achore watu wa jamii mbalimbali za Kenya, akachora mamia. Shanga na ngozi amezichora vizuri mno, siwezi kumnyima sifa yake. Lakini angalia mavazi: ni ya sherehe, si ya kwendea kazini. Wakati anachora, Nairobi ilikuwa na makarani, mafundi wa reli na vyama vya wafanyakazi. Hao hawakuombwa wakae wachorwe.

mwalimu_wa_historia: Hilo la makarani limenigusa, babu yangu alikuwa reli. Nina picha yake ya pasi ya kazi, sura imekunjwa kama anadaiwa. Inafaa?

karani_mstaafu: Inafaa kuliko nyingi. Iweke karibu na mchoro wa Adamson, na mwaka uandike. Halafu wapeleke watoto Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, waone sanaa aliyoikusanya Joseph Murumbi, yule aliyekuwa Makamu wa Rais 1966. Nendeni asubuhi, mchana pale nje hapapitiki.