Mabati ya nyoka kwenye kipori cha wazi Raskazone: inafaa?

Mpita_Pwani
Wakuu, habari za jioni. Mimi nyoka napiga picha tu, sikamati wala siuzi. Uingereza wanaohesabu nyoka hutandaza vipande vya bati juu ya nyasi, nyoka wakajificha chini, mtu akaja kufunua, akahesabu, akafunika. Nina mabati chakavu ya banda la kuku la mama. Nataka kuyatandaza kwenye kile kipori nyuma ya nyumba zetu, watu wanapokatiza kwenda pwani. Mtaa haujakataa, kwa vile sijauliza 😅 Kuna aliyewahi?

Bi_Kange
Kaka, humo watoto wanaokota zambarau. Mpira ukiingia chini ya bati lako utamwambia nini mama mtu? Nenda mapango ya Amboni kapige picha popo.

Babu_Makuti
Mdogo wangu, ujanani nimewabebea watafiti mizigo kule Amani, kazi hii naijua. Bati la Ulaya linatakiwa kwa sababu linashika joto, nyoka wa baridi aote. Tanga hii saa tano tu ukiligusa unarudisha mkono, nani atakaa chini yake? Huku weka ubao mpana kivulini, au makuti yaliyoanza kuoza. Hapo pana ubaridi na unyevu, vyura na mijusi wanakuja wenyewe, na panya akishazaa humo ujue mgeni yuko njiani.

Lakini kipori cha watu, hapana. Umewasahau vijana wa vyuma chakavu. Bati lako litaonwa asubuhi hiyohiyo. Kijana ana kiroba begani, anainama, anapenyeza vidole chini ya ukingo, anavuta. Swila mara nyingi akisikia vishindo anajiondokea. Ninayemhofia mimi ni kifutu: hakimbii, analala tuli akitegemea rangi yake ya majani makavu, na vidole viko palepale. Wewe unajua umeweka nini, yeye kaona bati la kuuza. Na usidhani kibao cha "hatari, nyoka" kitasaidia, hicho ndicho kitakachowaita wenye marungu.

Tafuta shamba lenye mwenyewe na mlinzi, pembeni kusikopitwa. Mbao zitie namba, na siku ukichoka uziondoe zote. Kufunua ni kwa kulabu ya mpini mrefu: shika ukingo wa mbali, uvute kuja kwako, ubao ubaki kati yako na yeye. Vaa miwani, swila anatema sumu.

Mzigua_Asilia
Naongezea: ukitoka kwenye picha ukaanza kukamata na kupima, huo ni utafiti. Kaulize TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) kwanza.

Mpita_Pwani
Shikamoo Babu, nimekuelewa. Dada wa Kange naye nimemsikia. Mjomba ana shamba Pongwe, mlinzi yupo, nitamwomba. Ubao uwe mkubwa kiasi gani?

Babu_Makuti
Marahaba. Nusu ya mlango wa choo inatosha. Ila mlinzi aambiwe kabla hujatandaza, asije akazifanya kuni.