Uzi wa ndege za kamba: tupeane uzoefu, uliiangushaje ya kwanza?

Mzee wa Kharkiv
Wakuu, jana nimefungua sanduku la zamani nikakuta mpini wangu wa kurushia ndege ndogo ya injini, waya mbili bado zimezungushiwa. Kwa wasioijua: unasimama katikati na mpini, ndege inakuzunguka kwenye waya, mkono ndio rubani. Nikanusa mafuta ya injini: etha na mafuta ya nyonyo, miaka 40 baadaye! Mliosoma Usovieti mnaijua hiyo harufu. Mabingwa wa klabu yetu walikuwa watoto wa shule. Mimi mtu mzima wa chuo nilifundishwa na dogo wa miaka 13.

Siku yangu mbaya ni ya kuruka kichwa chini. Ndege ikiwa sawa, ukiinua mkono inapanda. Ikilala mgongo, ukiinua mkono inashuka. Hilo nimelikariri mpaka kitandani. Nikapiga nusu kitanzi, ikatulia tumbo juu, mizunguko miwili safi, wenzangu wanashangilia. Wa tatu upepo ukaikandamiza kidogo, na mkono ukainuka wenyewe. Wallahi sikuuamuru. Na ndege haikuwa yangu, ya yule dogo, kaijenga kipindi kizima cha baridi. Nikasubiri matusi. Akaja na boksi la viatu, akaokota vipande kimoja kimoja, akasema: "Bawa utatengeneza wewe, mkia mimi." Wiki tatu tuko mezani na gundi. Kirusi changu cha maana nilikipata pale, chuoni nilipata cha mtihani.

Ngarawa
Mkono una akili zake. Nimeua moja hivyohivyo.

Rimoti Tu
Samahani wazee wangu, kilichofungwa kamba ni mbuzi. Nunueni droni.

Ngarawa
Droni inajirusha yenyewe, wewe abiria tu. Huku unaisikia mkononi inavuta kama kolekole.

Rimoti Tu
Kuzunguka kama pia mpaka utapike, starehe hiyo?

Ngarawa
Tazama ndege, usitazame uwanja. Hutapiki.

Mluguru Halisi
Acheni ugomvi niwape ya kwangu. Mjomba alituletea ya plastiki kutoka Marekani, injini ndogo ya Cox .049. Mnajua zile hazina kuzima, ikishawaka unasubiri mafuta yaishe. Niko uwanja wa mpira nyuma ya kwetu, iko hewani, bibi anatoka bombani na ndoo kichwani, anakata katikati ya uwanja kama siku zote. Napiga kelele, hasikii, injini inalia kama mzinga wa nyuki. Nikaipandisha ipite juu yake. Ikazunguka, nikaipandisha tena. Bibi akasimama palepale! Mdogo wangu anapiga yowe "iangushe!" Niiangushe wapi, na bibi yuko kwenye duara? Nikaibana juu, mkono unatetemeka. Bibi akaitazama mizunguko kama mitatu, akapiga hesabu ambayo mimi sikuipiga: akanyoosha moja kwa moja kwangu, katikati, ambako haiwezi kufika. Akanishika kiuno. Tukazunguka wawili mpaka mafuta yakaisha.

Ngarawa
Na ndoo?

Mluguru Halisi
Kichwani.

Dogo Gundi
🤣🤣🤣 bibi apewe mpini

Yuko Indiana
Nimecheka mpaka mke kaamka. Aliye Marekani aje Muncie, huku Indiana, mwezi Julai, mashindano ya taifa ya ndege hizi. Mwaka juzi nilivunja yangu, kabla sijainama wazee watatu wamefika na gundi, wanabishana ipi inafaa.

Fundi Etha
Wanaoanza: waya mfupi, mita 8.

Ngarawa
Mfupi unaleta kizunguzungu, Fundi. Aanze na 15.

Fundi Etha
Basi aanze na 15 na ndoo ya maji. Lakini hili si utani: vuta waya kwa nguvu kabla hujaruka, kamba ya mpini ifunge kwenye kifundo cha mkono, na nyaya za umeme zikae mbali kabisa. Waya wako ni chuma.

Dogo Gundi
Mluguru, bibi alisema nini baadaye?

Mzee wa Kharkiv
Uzi wangu umetekwa na bibi wa watu. Haya, alisema nini?

Mluguru Halisi
Shikamoo mzee. Hakusema kitu. Kesho yake alfajiri nilikuta ndoo mbili mlangoni kwangu, nikazichota mwezi mzima.