Ambedkar kuachia uwaziri 1951: msimamo au hasira?

MLETA MADA: Wakuu, B. R. Ambedkar alizaliwa katika jamii ya Mahar, watu waliohesabiwa najisi, akapanda hadi kuwa Waziri wa Sheria wa kwanza wa India huru. Septemba 1951 akajiuzulu. Sababu kubwa ni muswada wa sheria za familia za Wahindu (talaka, urithi wa mabinti, mume kuwa na mke mmoja) kukwama bungeni huku Waziri Mkuu Nehru akiuachia njiani. Mimi nasema alisusa mapema. Uchaguzi wa 1952 akaangushwa Bombay na mgombea wa Congress, chama tawala. Uchaguzi mdogo wa jimbo la Bhandara, 1954, akaangushwa tena. Akabaki Rajya Sabha, baraza la juu la bunge, akisikilizwa bila nguvu. Sheria ya ndoa ikapita 1955, ya urithi 1956, sifa zikaenda kwa Nehru.

MCHANGIAJI WA KWANZA: Mapema gani, mkuu? Muswada ulikuwa unazungushwa tangu 1947! Rais Rajendra Prasad hakuutaka, na waliouzima ni wabunge wa Congress, chama cha Nehru huyohuyo. Halafu usimfanye mtu wa muswada mmoja. Alipoeleza kwa nini anaondoka alilalamikia pia watu wa tabaka lake kuendelea kuonewa, na hata sera ya mambo ya nje.

MCHANGIAJI WA PILI: Nyote mnagombania sifa za wanaume wawili. Muulizeni binti alipata nini. Muswada uliotoka kamati teule chini ya Ambedkar ulimpa fungu sawa na la kaka yake. Sheria ya 1956 ikaacha mali ya pamoja ya ukoo mikononi mwa wanaume, wao ndio wenye haki nayo tangu kuzaliwa. Binti akasubiri hadi marekebisho ya 2005. Miaka 49! Wangapi walizikwa bila chochote?

MLETA MADA: Ndiyo hoja yangu hiyo. Angebaki baraza la mawaziri, kipengele hicho kisingechezewa kirahisi.

MCHANGIAJI WA KWANZA: Kwa kura za nani? Chama chake, Scheduled Castes Federation, kiliambulia viti 2 mwaka 1952. Congress ilikuwa na 364 kati ya 489. Waziri anayepingwa na wabunge wa serikali yake mwenyewe anazuia nini? Tupe hesabu, mkuu, tuione.