Samaki aina ya bass wanagonga mnyoo wa plastiki halafu wanaachia

jemedari_tx: Wadau, niko Dallas, navua ziwa Ray Hubbard na ile minyoo myembamba ya plastiki ya inchi 4, naweka chubwi zito la kuzamisha mshipi sababu ya upepo, bass wanagonga wanaachia. Shida nini?

kaka_mshipi: Chubwi hilo kaka! Shuka mpaka aunsi 1/8 na mshipi wa kuhimili ratili 8, mnyoo uende chini polepole maana mara nyingi wanaupiga ukiwa unashuka. Halafu cheki unavyovalisha: ndoano ingia kichwani, itoe baada ya robo inchi hivi, igeuze, ncha uizamishe mwilini, na mnyoo unyooke kabisa, ukijikunja unazunguka na kusokota mshipi.

dada_ziwani: Mi napenda kuchoma ndoano katikati ya mnyoo, navalisha kapete ka mpira usikatike, natupa karibu na nguzo za gati naacha ushuke wenyewe, ncha zote mbili zinatetemeka, raha sana. Ukiona mshipi unakimbia pembeni kaza kwanza ndo unyanyue fimbo.

jemedari_tx: Asanteni sana, na rangi je?

kaka_mshipi: Maji ya tope nyeusi na bluu, yakiwa safi kijani cha tikiti.