Sharqiya, Oman, na mtoto wa miaka miwili na nusu: mtanishauri nini?

MamaIlham_Tanga

Asalaam aleikum jamani. Januari, inshallah, tunakwenda Oman: mimi, mume wangu na binti yetu wa miaka miwili na nusu. Tutafikia kwa shangazi yake mume wangu, Seeb, karibu na Muscat, ila nia hasa ni Sharqiya, upande wa mashariki. Babu yake mume wangu alitoka Mudayrib akaja Tanga kwa jahazi, na mume wangu kakua akilisikia jina la mji huo bila kuutia machoni. Anataka tufike huko, tulale usiku kwenye mchanga wa jangwa la Wahiba, halafu tumalizie kwenye maji ya Wadi Bani Khalid, lile bonde la milimani.

Mama mkwe hataki hata kusikia. Anasema mtoto mdogo hapelekwi jangwani, jua litampiga na vumbi litamwingia kifuani. Ilham ni mzima wa afya, lakini barabara ikiwa na kona nyingi hutapika garini, na asipolala mchana basi jioni hakukaliki. Gari la shangazi ni dogo la kawaida. Mliokwenda na watoto, au mnaoishi huko, niambieni ukweli.

Ami_wa_Ibra

Waaleikum salaam, mwanangu. Mlete mtoto. Mimi nimezaliwa Unguja na nimezeekea hapa Ibra, na wajukuu zangu wote wamejifunza kutembea kwenye mchanga huo anaouogopa mama mkwe wako.

Mpe salamu zangu, na umwambie kwa mwezi wa Juni angekuwa na haki kabisa. Wakati huo joto hupita digrii 45, na sisi wenyewe mchana hatutoki. Januari mchana ni hali ya kupendeza. Kazi iko usiku, kwa sababu mchanga hauweki joto. Jua likishazama, baada ya muda mfupi tu mtoto anaanza kutetemeka. Chukueni soksi, sweta nzito na kofia ya kufunika masikio. Wageni wengi kutoka pwani hufungasha nguo za jua tu.

Sasa nina neno. Watu wanatoka Muscat mbio, wanaipita Ibra, wanaipita Mudayrib, wanakimbilia mchanga wakapige picha. Nyinyi mna mtu wenu aliyetoka Mudayrib. Mudayrib ipeni siku nzima na mchanga muupe usiku mmoja. Na huo ndio mpango unaomfaa mtoto pia, maana mtoto wa umri huo hajui tofauti ya tuta kubwa na tuta dogo. Anachotaka ni maji ya kuchezea, kivuli na mahali pa kulala mchana.

Mudayrib yote hayo ipo nayo. Mji umekaa chini ya vilima, na juu ya vilima kuna minara ya walinzi. Falaji, yaani mfereji wa maji wa kienyeji, inapita katikati na kwenda kwenye mitende. Fikeni asubuhi mapema, jua likiwa bado linapiga kuta kwa ubavu, mtembee taratibu mkitazama milango. Nakshi zake mume wako atazitambua kama amewahi kufika Mji Mkongwe. Nyumba hizo kubwa na sabla zake, yaani kumbi za wanaume kukaa na kupokea wageni, nyingi zilijengwa kwa mali iliyopatikana Afrika Mashariki tangu Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja. Ilikuwa mali ya karafuu na pembe za ndovu, na ya watumwa pia. Hilo nalo mwambieni Ilham atakapokuwa mkubwa, msimfiche.

Mkifika mchangani, mume wako atazame jinsi matuta yalivyolala. Ni marefu mno, yamejipanga kutoka kusini kwenda kaskazini, mengine yanakaribia mita 100 kwenda juu. Aliyeyapanga ni upepo wa kusi. Kusi huo huo ndio uliokuwa ukiyarudisha majahazi kutoka Unguja hadi bandari ya Sur. Babu yake aliondoka Sur na kaskazi, akiuacha nyuma mchanga uliotengenezwa na upepo ambao ungeweza kumrudisha. Mimi nikikaa juu ya tuta jioni huwa naliwaza jambo hili, na sijachoka kuliwaza.

Nawaonya kwa mambo mawili. Kwanza, nyumba za udongo zilizoachwa, iwe Mudayrib au kule Minzafah hapa Ibra, msiingie ndani na mtoto. Dari ni magogo ya mitende na udongo, zimeoza, na visima vingine viko wazi usawa wa ardhi. Tazameni kutoka njiani, mtoto akiwa mkononi. Pili, falaji ina utaratibu wake: kwanza sehemu ya kuteka maji ya kunywa, kisha ya msikiti, kisha ya kuoga na kufua, mwisho mashamba. Mtoto achezeshe miguu chini, kwenye mitende. Juu huko msimtie, wala msimsafishie huko akichafuka.

Nesi_Bububu

Dada MamaIlham, mimi ni nesi na nimekwenda huko na mwanangu akiwa na umri kama wa wako. Jangwani hewa kavu hukausha jasho kabla hujaliona, kwa hiyo usisubiri mtoto atoke jasho ndipo umpe maji. Mpe kidogo kidogo mara nyingi, hata kama haombi. Angalia nepi: ikikaa kavu kwa muda wa saa sita hivi, au mkojo ni wa njano sana, midomo imekauka, analia bila machozi, hapo anapungukiwa maji. Mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti za ORS, kijiko baada ya kijiko, na umuondoe juani. Akiwa mlegevu, haamki vizuri au anatapika kila kitu, ni hospitali, na hospitali iko Ibra. Usingoje kupambazuke.

Ngamia ataomba amshike, wote huomba. Mwache ashike, ila umnawishe kwa sabuni mara moja kabla hajatia kidole mdomoni. Maziwa ya ngamia yasiyochemshwa asinywe, hata akikaribishwa kwa moyo safi kiasi gani. Ngamia wa nchi hizi hubeba kirusi cha MERS, ugonjwa mkali wa mapafu. Mwenyeji hatakasirika ukipokea bakuli na kunywa kahawa badala yake.

Na viatu: kila asubuhi vikung'ute kabla ya kumvalisha, kwa sababu ya ng'e.

Dereva_Bidiya

Hilo gari dogo litawafikisha Mintrib, mji wa ukingoni mwa mchanga, basi. Acheni hapo, mwenye kambi aje kuwachukua kwa Land Cruiser. Kambi nyingi hufanya hivyo, mkubaliane bei kabla. Mnapoingia mchangani dereva atasimama kupunguza upepo wa matairi, kutoka psi 35 hadi kama 18. Asiyepunguza msipande gari lake.

Kabla hajawasha gari mwambieni waziwazi: tuna mtoto, tupitishe bondeni. Madereva wamezoea watalii wanaotaka kurushwa juu ya matuta, na shingo ya mtoto haistahimili mchezo ule. Kiti cha mtoto njooni nacho wenyewe. Kwenye magari yetu mara nyingi hakuna, na kumpakata si kumkinga.

Ingieni alasiri, si adhuhuri. Msafara wa ngamia zamani ulitembea alfajiri na jioni, ukapumzika mchana kwenye kivuli cha mighafu, miti ya jangwani. Ratiba hiyo ndiyo ya mtoto wenu anayetaka usingizi wa mchana.

MamaIlham_Tanga

Allah awalipe kheri. Mume wangu kaisoma habari ya upepo wa kusi mara mbili, kisha akaenda kumsomea mama yake. Mama hajakubali, lakini kauliza sweta itanunuliwa wapi.

Bado nina hofu ya kona, na ya Wadi Bani Khalid. Nimesikia maji ni ya kina kirefu. Na je, kuna siku iliyo bora kuliko nyingine?

Ami_wa_Ibra

Kutoka Muscat hadi Ibra ni kama saa mbili, barabara pana, kona zake ni za upole. Atakapotapika ni njia ya kupanda kwenda Wadi Bani Khalid, ile ina mizunguko. Msimlishe kabla ya kupanda, mumpe kipande cha mkate wa rakhal mkavu, msimame kileleni apunge upepo.

Wadi yenyewe, kutoka maegesho mtatembea kando ya mfereji wa maji hadi kwenye madimbwi. Kigari cha mtoto kitakusumbua, mbebe mgongoni kwa kanga. Maji kweli ni ya kina, na mawe ya ukingoni yana utelezi. Mvalishe boya, na mtu mmoja kazi yake iwe mtoto tu, si simu. Wewe ukiingia, ingia na nguo za kukusitiri, pale ni kijiji cha watu. Na mkiona wingu zito juu ya milima, hata kama mlipo ni jua kali, msishuke wadini siku hiyo. Maji huja kutoka mbali, tena ghafla.

Siku: fikeni Ibra Jumanne jioni, mlale. Jumatano asubuhi kuna soko la wanawake, wauzaji wanawake na wanunuzi wanawake. Mume wako atasubiri nje anywe kahawa, wewe na Ilham muingie. Hapo ndipo utakapopata sweta, nguo za kienyeji za mtoto, na bibi wa kukujibu kwa Kiswahili. Alkhamisi Mudayrib kutwa, mkalale huko huko au mrudi Ibra. Ijumaa mume wako aswali Mudayrib, kwenye mji wa babu yake, na alasiri muingie mchangani. Jumamosi wadini, kisha Seeb.

Nepi na maziwa ya kopo nunueni Ibra, ya kutosha hadi mtakaporudi. Mkishapita Mintrib na kuingia mchangani hakuna duka.