Utani uliofichwa kwenye programu huria: amri, mpangilio au tarehe?

mwanaterminali: Wakuu, habari za jioni. Nina kiprogramu changu huria cha Python kinachokagua faili za tafsiri na kukuonyesha mstari uliosahau kuutafsiri. Nataka nikifichie kitu cha kufurahisha. Njia ninazoziona ni tatu: amri ya siri, kama apt-get moo ya Debian (aina mojawapo ya Linux) inayokutolea ng'ombe, mpangilio, kama ILoveCandy ya pacman, kisakinishi cha programu kule Arch (Linux nyingine), unaougeuza mstari wa upakuaji kuwa Pac-Man, au tarehe, yaani Sabasaba ikifika kitoe salamu chenyewe. Mimi nimeipenda tarehe.

dada_skripti: Tarehe achana nayo kabisa, ndugu yangu. man-db, programu ya Linux inayoonyesha kurasa za maelezo ya amri, iliwekewa utani mwaka 2011: ukiita man saa sita na nusu usiku bila kutaja ukurasa, inaandika "gimme gimme gimme", kama wimbo wa ABBA wa "A Man After Midnight". Mwaka 2017 mtu akakuta majaribio yake ya kiotomatiki yanafeli saa hiyo hiyo, na utani ukaondolewa. Tarehe 25 Desemba 2018, vitufe vya Ant Design (maktaba ya vipande vya kujengea tovuti) vikaota theluji kwenye tovuti za watu ambao hawakuulizwa.
Hata mimi yamenikuta. Zana moja tuliyokuwa tukiitumia kazini ilitoa heri ya mwaka mpya katikati ya JSON, yaani data inayosomwa na programu nyingine. Skripti ikagoma, nami nikatolewa kitandani saa nane usiku kutafuta mstari mmoja wa salamu.

fundi_wa_bara: Nakubaliana na dada. Ila kati ya amri na mpangilio, mimi nachukua mpangilio. Amri utaiandika mara mbili, uisahau. ILoveCandy naiona kila ninaposasisha mashine, na niliiweka kwa mkono wangu mwenyewe.

mjukuu_wa_bibi: Kwa kiprogramu kidogo, amri inatosha; mpangilio utakudai uutunze kila toleo. Mbona usiweke vitendawili? Mtu aandike `kagua kitendawili`, kiitikie "Kitendawili!" na kisubiri aandike "tega". Halafu: "Nyumba yangu haina mlango." Akishindwa, akupe mji, kama tulivyofanya kwa bibi.
Majibu yafiche kwa ROT13 (kila herufi inasogezwa nafasi 13), kama Python ilivyoficha maandishi yanayotokea ukiandika `import this`, ili anayepitia msimbo asiyaone.

dada_skripti: Hapo sawa! Ongeza ukaguzi wa `sys.stdin.isatty()`, kisiulize kitu kama hakuna mtu mbele ya terminali. Na kiandike kwenye README (faili la maelezo ya programu), hata mstari mmoja. Anayekisakinisha kazini ana haki ya kujua kilichomo.

mwanaterminali: Ahsanteni sana, Sabasaba nimeifuta. Nimejaribu sasa hivi:

```
Kitendawili!
> tega
Nyumba yangu haina mlango.
> kaburi
Hapana. Nipe mji.
> Tanga
Nimekwenda Tanga, watu wote wamenisalimu. Jibu: yai.
```

Mdogo wangu kakaa pembeni anataka kingine. Nina vitano tu. Wenye vitendawili vya kwao, nitumieni.