Shangazi ameacha kanda za kaseti 63 na bustani ya robo ekari. Niokoe nini kwanza?

mpwa_kibos

Hamjambo wanajukwaa. Naandika kutoka Kibos, nje kidogo ya mji wa Kisumu. Leo tuko Februari, nina muda hadi mwisho wa Aprili, na sijui nianzie wapi.

Shangazi yangu alifariki Agosti iliyopita akiwa na miaka 74. Alifundisha shule za msingi miaka 32, akastaafu, akaendelea kufundisha nyumbani bila malipo hadi miguu ilipomkataza. Nilikaa naye tangu darasa la nne. Wanawe wawili wako mbali na wameuza ploti. Sina lawama nao: hati ya mahakama wanayo, waliniita tukaketi, wakaniambia, dada, chukua chochote unachotaka. Mnunuzi anataka kiwanja kitupu ajenge nyumba za kupangisha. Kwa hiyo sitafuti njia ya kuzuia. Natafuta namna ya kuhama na mtu ambaye vitu vyake havikai ndani ya sanduku.

Mnivumilie nieleze alikuwa mtu gani, maana bila hivyo mtaniambia tu nikodishe lori.

Sanaa na muziki vilipoacha kutahiniwa katika KCPE, uliokuwa mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwanzoni mwa miaka ya 2000, shule nyingi ziliviacha hapo hapo. Kwenye ratiba vilibaki, ila kipindi kikifika watoto walitoa vitabu vya hesabu. Shangazi alilia mezani, ugali ukapoa. Baadaye akaanza kuhudhuria mikutano ya wazazi, hata katika shule asizofundisha, anaomba dakika tano, anasimama na chungu alichofinyanga mtoto wa darasa la tatu na kukipitisha kiti kwa kiti. Mwalimu mkuu mmoja alimjibu mbele ya watu kwamba wazazi hawaleti watoto shuleni kuchezea udongo. Jumamosi iliyofuata akafungua lango lake, akatandika mikeka chini ya mwembe.

Hakutoza senti. Ada ilikuwa mkebe mmoja wa maji kwa bustani. Na mtoto akipewa sehemu katika mchezo wa kuigiza, alilazimika kuleta mche, wowote ule. Wengine walileta walichong'oa njiani. Aliupanda mbele yao.

Bustani yote ilitokana na hapo. Anayeujua udongo wetu ataelewa ilikuwa kazi ya aina gani: ni ule mweusi wa mfinyanzi, Januari unapasuka nyufa za kumeza mwiko, Aprili unakuvua viatu. Alipoinunua ploti palikuwa na ua wa minyaa na nyasi, basi. Aliinua matuta kwa samadi na makapi ya mpunga yaliyoletwa kutoka Ahero. Gugumaji la ziwani alilitoa Dunga kabla halijatoa maua, akalianika juu ya mabati hadi likawa linakatika kama biskuti. Nusu lilienda kwenye mboji. Nusu alilitwanga na magazeti ya zamani na uji wa muhogo, likawa vinyago. Kwa hiyo ziwa moja lilikuwa kwenye nyanya zetu na pia kwenye uso wa fisi jukwaani. Sijamwona mtu mwingine akifanya hivyo.

Kuna jambo la nyatiti pia. Mnajua ilikuwa ala ya wanaume: nyuzi nane, kigoda kifupi, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, njuga za gara. Alimleta mzee mmoja fundi kutoka upande wa Siaya awafunze wavulana. Mzee alikubali, lakini wasichana alisema hapana. Shangazi hakubishana naye. Alituweka kwenye tuta la mnavu lililo hatua nne kutoka barazani, tukawa tunapalilia kila Jumamosi mzee akifundisha. Lile tuta halikuota kwekwe mwaka mzima. Siku moja mzee alichelewa, akakuta msichana wa darasa la saba ameshika nyatiti na anapiga wimbo wake mwenyewe, wa mzee, bila kukosea. Alisimama langoni mpaka ukaisha. Akaingia, akaketi, akamwambia, mkono wa kushoto uulegeze. Kuanzia hapo tukaketi barazani wote.

Sasa hesabu yangu. Kanda za kaseti 63: za yule mzee, nyimbo za dodo za akina mama, mazoezi ya michezo. Nyingine zimeota kitu cheupe kama manyoya. Vinyago 27. Nyatiti mbili. Mwembe, mpera, msanapichi, waridi, maboungainvillea ya rangi tatu, komamanga, mishubiri, mboga za kienyeji, mumunye za kutengenezea vibuyu. Na daftari moja la jalada gumu ambalo aliandika kila mche na aliyeuleta. Hakuandika majina ya watoto. Aliandika sehemu walizoigiza: «Fisi, mpera.» «Mvua wa pili, waridi jekundu.» «Bibi Harusi, mshubiri.»

Nina duka la kushughulikia mchana. Nianze na nini?

fundi_wa_kaseti

Pole sana dada. Niko Nakuru, nimetengeneza redio na deki tangu zikiwa mali.

Anza na kanda, na usiku wa leo usicheze hata moja. Tazama mgongo wa kila kanda, kuna vijidirisha viwili vyenye vibao vya plastiki. Vivunje vyote. Vikishavunjika hakuna deki itakayorekodi juu yake kwa bahati mbaya. Nimewaona watu wamefuta sauti ya marehemu kwa kubonyeza kidude kimoja.

Zenye manyoya meupe zitenge kabisa, huo ni ukungu na unahama. Kila moja kwenye bahasha ya karatasi, isiwe ya plastiki, mahali pakavu penye hewa. Hizo usiziguse kwenye deki yako, zitachafua nyingine. Tafuta deki mbovu-mbovu ya kuzizungusha kwanza, nje, umefunga kitambaa puani, huku ukipangusa utepe kwa kitambaa laini kikavu.

Nzima, zisimamishe wima, mbali na spika na dirisha. Kabla ya kucheza, peleka mbele hadi mwisho kisha rudisha, taratibu, kwa sababu utepe uliokaa miaka hugandana. Safisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti kila baada ya kanda moja. Sauti ikiwa nzito kama mtu anaongea ndani ya blanketi, kuna skurubu ndogo kando ya kichwa: izungushe kidogo kidogo hadi njuga zisikike vizuri. Kwa nyatiti utajua mara moja, gara ndizo zitakazokuambia.

Ingiza kwenye kompyuta kwa WAV, faili la sauti isiyobanwa, 48 kHz, biti 24. MP3 utatengeneza baadaye za kutumiana kwa simu. Kwa kiwango hicho saa moja inachukua takriban gigabaiti moja, kwa hiyo zote zinaenea kwenye diski ndogo. Nunua diski mbili, moja ikae nyumba nyingine. Ukifanya mbili kila usiku, zisizo na ukungu utazimaliza kabla ya Aprili.

Na kila unapoanza, sema kwa mdomo wako mwenyewe: hii ni kanda namba fulani, anapiga nani, ilirekodiwa wapi. Karatasi hubanduka.

mama_miche

Mwanangu, pole. Mimi nauza miche kando ya barabara Ahero mwaka wa 19 huu. Huyo shangazi yako kama ni yule aliyekuwa akija kuchukua makapi ya mpunga kwa mkokoteni, nilimjua sura.

Fundi amesema kanda kwanza, sawa, lakini mimea nayo ina tarehe zake na hazikungoji. Mvua ya masika ikianza Machi ndipo utakapohamisha, na maandalizi ni wiki hii. Vichaka unavyotaka kung'oa na mizizi, kama waridi, chimba mfereji kuvizunguka sasa, kata mizizi ya nje, rudisha udongo, mwagilia. Baada ya wiki tano sita vitakuwa vimetoa mizizi midogo karibu na shina na havitashtuka. Ukivingoja hadi Aprili uvinyofoe tu, vitakufa kwenye mkokoteni.

Miti mikubwa iache. Chukua watoto wake. Mpera na mkomamanga: chagua tawi lenye unene wa kidole, menya gome pete ya sentimita tatu hivi, funika kwa udongo wenye mboji uliolowa, zungushia karatasi ya nailoni, funga juu na chini. Ukifunga sasa, mwisho wa Aprili utaona mizizi ndani ya nailoni, kata chini yake. Boungainvillea ni kukata vijiti vya unene wa penseli na kuvichomeka. Msanapichi ni kinyume: ukikata, uache kivulini wiki nzima kidonda kikauke, la sivyo utaoza. Kwa mwembe, lete vikonyo, yaani ncha za matawi, vilivyofungwa kwenye gazeti bichi, nitavipandikiza kwenye miche yangu. Sitakutoza.

Mboga usibebe mche, beba mbegu. Mnavu, mrenda, mitoo, mgagani. Kausha, weka kwenye chupa na majivu. Mgagani mpya hauoti vizuri, usikate tamaa ukaitupa. Ukikaa miezi minne mitano unaamka. Mumunye ziache mtini hadi kikonyo kikauke chenyewe.

Na udongo. Watu husahau udongo. Yale matuta ameyalisha samadi miaka yote. Mwambie mnunuzi umchukulie magunia ishirini ya juu, yeye atamwaga zege hapo, hayamfai.

karani_mstaafu

Hilo la hati mmelifanya vizuri. Wengi huanza kugawa kabla ya mahakama kutoa usimamizi, na kifungu cha 45 cha Sheria ya Mirathi kinalihesabu kuwa kosa. Omba binamu zako waandike hata karatasi moja yenye sahihi kwamba kanda, vinyago na daftari wamekupa wewe. Undugu ni mzuri, na karatasi pia ni nzuri.

Jambo la pili ni kanda zenyewe. Michezo aliyoiandika shangazi ina hakimiliki hadi miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Lakini nyimbo za yule mzee na za akina mama wa dodo si zako wala za shangazi. Tangu 2016 tuna sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni za jamii. Kabla hujaweka hata dakika moja kwenye mtandao, nenda Siaya na redio, wachezee watoto wa mzee sauti ya baba yao, uwaombe. Nakala ya kwanza iwe yao.

wa_mwembeni

Nimesoma hii nikiwa kwenye matatu nikashuka kituo kisicho changu.

Dada, sijui kama utanikumbuka. Nilikuja 2008 na 2009, nilitoka Nyalenda kwa miguu kwa sababu hela ya gari haikuwepo. Nilikuwa na kigugumizi. Shuleni nilikaa nyuma na sikuulizwa kitu. Mwalimu, shangazi yako, alinipa nicheze Mamba, na Mamba alikuwa na maneno mengi kuliko wote. Nilimwambia siwezi. Akanipa mkebe, akaniambia mwagilia, na kila mche ukiufikia useme mstari mmoja, mimea haina haraka. Nilifanya hivyo miezi mitatu. Sikuwahi kumwambia mtu kwamba ni pilipili na mishubiri waliokisikia kigugumizi changu kikipungua.

Leo nafundisha darasa la tatu Vihiga. Sanaa za ubunifu zimerudi kwenye mtaala, na mimi ndiye niliyeomba nipewe. Tuna uwanja nyuma ya madarasa, udongo mwekundu, mvua za kutosha. Mkuu wa shule nimeshaongea naye jioni hii: anachukua miche yoyote utakayokosa mahali pa kuipeleka, na vinyago tutavitundika darasani, mbali na mchwa. Usivifunge kwenye nailoni, vitalowa kwa ndani. Vitambaa vya pamba na majani makavu ya mwarobaini, ndivyo alivyokuwa akivihifadhi mwenyewe, nadhani unakumbuka.

Nilileta mche pia. Sikumbuki kama ulishika.

mpwa_kibos

Asanteni. Nimekaa na simu hii hadi taa ya stima ikazimika.

Fundi, nimevunja vibao vyote 126. Zenye ukungu ni 11, ziko kwenye bahasha za khaki juu ya kabati. Mama, kesho asubuhi kabla ya kufungua duka naanza mfereji wa waridi, na vikonyo nitakuletea Jumapili kwa boda boda. Karani, binamu mkubwa ametuma sahihi kwa picha, halisi inakuja. Siaya nitaenda baada ya kumaliza kanda sita za mzee, ili nisiende mikono mitupu.

Nimeamua daftari ndilo litakaloniongoza. Kila nitakayempata, nitampa mche wake, au tawi lake, au mbegu. Wasiopatikana wataenda Vihiga. Jumamosi ya mwisho ya Aprili lango litakuwa wazi kuanzia saa mbili asubuhi. Kama uliwahi kuwa Fisi, Mvua, Ngege, Bibi Harusi au Mganga chini ya mwembe ule, njoo na jembe.

Mwalimu wa Vihiga, nakukumbuka. Ukurasa wa 118, mwandiko wake wa kalamu nyekundu: «Mamba. Mkomamanga, shina moja, ncha imevunjika. Ameubeba ndani ya shati kutoka Nyalenda.» Uko nyuma ya tangi la maji na umenipita kimo. Leo jioni nimefunga nailoni kwenye matawi manne. Lete gunia, na lete watoto wa kubeba maji.